Kusuka koili na kuweka utambi wa vepu: waya ni rahisi, pamba ndiyo yenye kazi

Tangu Uingereza ipige marufuku kuuza vepu (sigara za kielektroniki) za kuvuta na kutupa, tarehe 1 Juni 2025, vijana ninaofanya nao kazi za usiku ghalani hapa Leicester hawaniachi nipumue. Wengi wao walikuwa wanatumia zile za rangi rangi, ikiisha inatupwa, inanunuliwa nyingine. Sasa wamelazimika kununua mashine za vepu zinazochajiwa, koili ya kiwandani ikiungua wanalipa tena, na mimi wananiona nakaa pembeni na bisibisi yangu na kipande cha pamba. Swali ni lile lile: Mzee, hiyo koili unaitengeneza mwenyewe?

Naitengeneza mwenyewe. Wala si uhodari. Nilikuwa fundi redio Kongowea, Mombasa, kabla sijafika huku, na ukweli ni kwamba mtu yeyote anayeweza kutunga uzi kwenye sindano anaweza kusuka koili ya vepu. Ila watu wanaweka akili zao zote kwenye waya, wanatazama picha za koili zilizosukwa nyuzi tatu nne, halafu pamba wanaishindilia tu. Nitaeleza yote mawili, lakini kwenye pamba nitakaa muda mrefu, kwa sababu malalamiko mengi ninayoletewa, ya kuvuja, ya kuungua, ya ladha mbaya, yanatoka huko.

Kabla ya hapo: haya ni ya mtu mzima ambaye tayari anavuta. Mimi nilitokea kwenye sigara za kawaida. Kama huvuti chochote, baki hivyo hivyo, maana nikotini ni nikotini hata ikija na harufu ya embe, na kuiacha ni shughuli.

Kinachotokea ndani ni kitu kidogo. Juisi, yaani kile kimiminika cha vepu, inapanda kwenye pamba, pamba imepita katikati ya koili, koili ikipata moto juisi inageuka mvuke. Aliyewahi kutunza utambi wa kibatari ameshajua nusu ya somo: ukibanwa mno kwenye tundu lake mafuta hayapandi na utambi unajichoma wenyewe, ukilegea mafuta yanafurika. Kwenye vepu unatafuta pale katikati, juisi ifike kwa kasi ile ile ambayo koili inaila.

Vifaa

Hapa nazungumzia tangi la kusuka lenye koili moja, lile ambalo kitako chake kina nguzo mbili za skrubu na pembeni mwake kuna milango ya kupitishia juisi. Dripa, ambayo haina tangi na juisi unaidondoshea juu, ni rahisi zaidi, na nitaitaja pale inapotofautiana. Unahitaji bisibisi inayoingia sawasawa kwenye skrubu zako, kijiti cha duara cha milimita 3 au 2.5 cha kuzungushia waya (ncha ya kekee inatosha kabisa), koleo ndogo ya kukatia, kibano chenye ncha za seramiki, mkasi mdogo mkali, na sindano ya kushonea. Na mashine yenyewe iwe ile inayopima omu, yaani ukinzani wa koili, na kukataa kuwaka ikikuta shoti. Mita ya kawaida ya fundi usiitegemee hapa. Chini ya omu moja, waya zake zenyewe zina ukinzani wa kutosha kukuharibia hesabu.

Kuna wanaotumia mashine zisizo na ulinzi wowote, betri inagusana moja kwa moja na koili. Mimi sizishiki, na anayeanza asizishike.

Waya

Nunua Kanthal A1. Ni aloi ya chuma, kromi na alumini yenye asili ya Uswidi, ndugu wa zile waya za kwenye tanuru na majiko ya umeme, na ikipashwa moto inajivika ngozi nyembamba ya oksidi ya alumini inayoilinda. Nikromu, yenye nikeli asilimia 80 na kromi 20, inapata moto upesi zaidi na nakiri ladha yake ni nzuri, lakini mwenye mzio wa nikeli aiache. Titani na nikeli tupu ni za mashine za kudhibiti joto. Hizo haziwashwi kavu mpaka zikawa nyekundu, kwa hiyo karibu kila ninachoeleza hapa hakizihusu.

Unene wa waya unatajwa kwa geji, na namba ya geji inavyopanda ndivyo waya unavyokuwa mwembamba. Geji 24 ni kama milimita 0.51, geji 26 ni 0.40, geji 28 ni 0.32. Kwa Kanthal A1, mita moja ya geji 24 ina omu 7 hivi, ya geji 26 omu 11, ya geji 28 omu 18. Ukishika namba hizo tatu huhitaji mtu wa kukupigia hesabu. Mfano, geji 26 juu ya kijiti cha milimita 3. Mzunguko mmoja unakula milimita 10.7 za waya. Mizunguko sita ni 64, ongeza miguu miwili ya milimita 5 kila mmoja, jumla 74. Zidisha na omu 11.3 za mita nzima, unapata omu 0.84. Hiyo ni koili ya wati 20 mpaka 25, ya mtu anayevuta kwa pumzi ndefu kidogo.

Anayetaka mvuto wa sigara, mdomoni kwanza kisha kifuani, achukue geji 28, kijiti cha 2.5, mizunguko sita. Itasoma kama omu 1.1, na wati 12 mpaka 15 zinaitosha. Hii ndiyo ninayompa mtu aliyetoka kwenye sigara juzi. Inakwenda vizuri na juisi ya miligramu 20, ambacho ndicho kiwango cha juu cha nikotini kinachoruhusiwa kuuzwa hapa kwa kila mililita. Juisi kali ya namna hiyo usiiweke kwenye koili nene ya wati 60, utapata kizunguzungu na kichefuchefu kabla hujakaa vizuri.

Kusuka kwenyewe ni kazi fupi. Kata waya wa sentimita 12 au zaidi kidogo, uvute kwa vidole mpaka unyooke. Bana ncha moja na kidole gumba juu ya kijiti, kisha zungusha ukiuvuta kwa nguvu ile ile toka mwanzo mpaka mwisho, kila mzunguko ulale kando ya mwenzake. Kabla ya kumaliza tazama kitako chako kinataka miguu ielekee wapi, maana kuna vinavyotaka yote upande mmoja na kuna vinavyotaka mmoja huku mmoja kule.

Ingiza miguu kwenye matundu ya nguzo kijiti kikiwa bado ndani ya koili, kaza skrubu mpaka waya usicheze. Ukizidisha, skrubu inaukata, unaanza upya. Sasa kata mabaki ya miguu karibu kabisa na skrubu, na hapa usiwe na haraka: kipande kidogo kinachochomoza kikija kugusa kifuniko, hiyo ni shoti. Koili ikae juu ya tundu la hewa, milimita moja au mbili, katikati, na isiguse nguzo wala sakafu ya kitako. Ndipo uchomoe kijiti.

Funga kitako kwenye mashine, soma omu kabla ya kubonyeza chochote. Ikiwa karibu na hesabu yako, endelea. Ikiwa inarukaruka, mara 0.8, mara 1.2, skrubu moja imelegea. Ikiwa inasoma karibu na sifuri, kuna shoti; fungua, tafuta kinachogusa, usilazimishe.

Kisha weka wati 10 hivi na uguse kitufe, uachie, uguse, uachie. Koili nzuri inaanza kuiva rangi katikati na wekundu unaenea kwenda pembeni kwa pamoja. Mara nyingi mara ya kwanza haitakuwa hivyo, mzunguko mmoja utawaka peke yake mwekundu mkali na wengine weusi. Achia kitufe. Pitisha ncha ya kibano juu ya mizunguko, ikwaruze taratibu, kisha ibane koili pande zote mbili ikutane. Gusa tena. Rudia mpaka iwake sawa. Kibano cha seramiki unaweza kukitumia kitufe kikiwa kimebonyezwa. Cha chuma kamwe. Koili ikishapoa, kaza skrubu tena kwa sababu waya ukipata moto hujilaza upya na kulegea kidogo, halafu soma omu kwa mara ya mwisho. Namba hiyo ikariri, itakusaidia baadaye.

Pamba

Sasa tufike kwenye kazi.

Pamba iwe tupu, isiyopaushwa, isiyotiwa manukato. Zipo zinazouzwa kwa ajili ya vepu, zimekatwa tayari. Wengi wetu tulianza na vile vipande vya mraba vya kupangusia uso vya Muji, duka la Kijapani, na bado vinafaa. Pamba ya duka la dawa ni sawa ikiwa ni pamba kweli na haijapaushwa. Ukiwa na shaka, chukua nyuzi chache uziwashe kiberiti: pamba halisi inaungua ikabaki jivu laini, ya sintetiki inajikunja ikawa kijidonge cheusi kigumu. Hicho kijidonge usingependa kukivuta kifuani. Na zile tambi za silika zilizotumika zamani ziache. Ni nyuzi za jamii ya kioo, na zikikatika zinakatikia unakovutia.

Nawa mikono. Nasema hivi nikijua watu wetu: umetoka kula kwa mkono, pilipili ya ndimu bado iko kwenye kucha, unachambua pamba, halafu unalalamika juisi inawasha.

Kama una pedi ya mraba, bandua ngozi ya juu na ya chini, ile iliyoshindiliwa, ubaki na pamba laini ya katikati. Tazama nyuzi zinaelekea wapi, chana ukanda kufuata uelekeo huo. Ukikata kinyume, nyuzi zinakuwa fupi fupi na juisi haipandi vizuri. Kwa koili ya milimita 3 ukanda wa sentimita moja hivi ndio mahali pa kuanzia, lakini pamba hazifanani unene, kwa hiyo upana si wa kukariri. Kinachokupa jibu ni mkono.

Sokota ncha moja iwe nyembamba, ipitishe kwenye koili, kisha ivute polepole. Hapo ndipo pa kusikiliza. Pamba inayotosha inajaza tundu lote, unaisikia inakwaruza kila mzunguko, na koili haisogei. Ikipita bila upinzani, ni ndogo, itaacha nafasi tupu ambazo waya utawaka bila juisi. Ikiburura koili mpaka inapinda, imezidi. Ichomoe, usijiambie itajilegeza ikilowa. Nyoosha koili ikiwa imehama, punguza nyuzi kidogo, jaribu tena. Watu wanaona aibu kutupa kipande cha pamba cha senti chache. Tupa.

Ikishakaa, kata ncha uliyoisokota kwa sababu imeshikamana. Sasa una mikia miwili, mmoja kila upande, na mikia ndiyo inayoamua kama tangi litavuja au litakausha. Iinue mikia juu kidogo, ikate usawa wa ukingo wa nje wa kitako. Chukua sindano, ichambue kila mkia, nyuzi ziachane, mabonge yatoke. Kisha punguza upande wa chini: nachomoa nyuzi za ndani, zile zitakazolala ukutani mwa mlango wa juisi, kama theluthi moja ya unene, mpaka mkia unakuwa mwembamba mwishoni na mnene pale unapotokea kwenye koili. Nyuzi zilizo ndani ya koili usiziguse.

Ulaze mkia kwenye mlango wake kwa ncha ya sindano. Uuzibe mlango wote, toka ukuta hadi ukuta, lakini usiusukume ndani ukajikunja. Ukitazama kutoka pembeni hutakiwi kuona mwanga ukipenya, na ukibonyeza pamba kwa sindano inatakiwa irudi. Ikikaa ngumu, umeshindilia. Tazama pia upande wa chini wa kitako, pamba isining'inie ikagusa tundu la hewa. Kwenye dripa yote haya hayapo. Mikia inashuka tu mpaka iguse sakafu ya kisima, imekaa wima bila kubanwa.

Halafu lowesha. Si tone moja: dondoshea juu ya koili, dondoshea mkia wa kushoto, wa kulia, subiri pamba ibadilike rangi yote iwe ya kung'aa, ongeza. Gusa kitufe kwa wati ndogo, usikie inachemka na uone mvuke ukitoka sawasawa kwenye koili nzima. Ongeza tone pale palipokauka. Ndipo ufunge kifuniko, ujaze tangi, uliache dakika tano. Vuta za kwanza kwa wati ya chini, panda taratibu mpaka unapopapenda. Pamba mpya ina ladha ya pamba kwa muda kidogo, inaondoka.

Juisi nayo ina neno lake. Zile zenye gliserini nyingi, sabini kwa thelathini za propilini glikoli, ni nzito na zinapanda polepole, kwa hiyo mikia iwe myepesi zaidi. Zile za hamsini kwa hamsini ni nyepesi, zinapita kila upenyo, na mkia uliotosha kwa ile nzito hapa utavuja. Ukibadilisha aina ya juisi na tangi lako likaanza tabia mpya, usilaumu tangi.

Kijana mmoja wa Goma, tunafanya naye zamu, alikuja na suruali imelowa mfukoni. "Papa, hii kitu inavuja tu." Alikuwa ameshabadilisha ringi zote za mpira, amenunua na tangi jingine, linavuja vile vile. Nikafungua. Mikia yake ilikuwa mifupi, imeishia juu ya mlango bila kuingia, na upande mmoja ulikuwa na upenyo unaoonekana kwa macho. Alikuwa ameambiwa pamba nyingi inaunguza, basi akapunguza mpaka akapitiliza. Nikamwekea mkia mrefu zaidi kwa milimita chache, nikamwonyesha jinsi ya kuujaza mlango bila kuushindilia. Tangi la kwanza analitumia mpaka leo, la pili amempa mkewe.

Kwa hiyo tangi likivuja, shuku kwanza mkia mfupi au mwembamba mno mlangoni, kisha ringi ya mpira iliyokatika, kisha kama ulijaza huku matundu ya hewa yamefunguka. Ukisikia inagurugia na kutema matone ya moto mdomoni, kuna juisi iliyojaa chini ya koili. Fungua, pangusa kwa karatasi, na mara nyingi pamba ndani ya koili ni ndogo. Ukipata mvuto mkavu unaochoma koo, acha hapo hapo. Usiseme ngoja nijaribu tena. Ni pamba iliyoshindiliwa, au wati kubwa, au unavuta mfululizo bila kuipa nafasi ya kunywa. Na pamba ikishaungua haina dawa, ladha ile haitoki hata uiloweshe vipi; badilisha.

Kutunza

Pamba yangu naibadilisha kila Ijumaa, iwe mbaya au isiwe. Wewe fuata ladha na rangi: ikianza kufifia, au ukifungua ukaiona imekuwa kahawia iliyokoza katikati, muda wake umekwisha. Juisi tamu tamu, za keki na peremende, zinaimaliza upesi sana, kwa sababu ile sukralozi, kitamu kinachotiwa humo badala ya sukari, haigeuki mvuke vizuri, inabaki kwenye waya na kuwa ukoko mweusi. Mtu anayevuta juisi ya namna hiyo abadilishe pamba mara mbili zaidi ya mwenzake, au apunguze utamu. Ndiyo maana mimi navuta minti tupu, ingawa vijana wananicheka.

Koili hubadilishi kila ukibadilisha pamba. Chomoa pamba ya zamani taratibu kwa kibano. Ikiwa imegandia, idondoshee juisi kwanza, usiivunje koili kwa kuivuta. Kisha wati ndogo, gusa na uachie, gusa na uachie, mpaka ule ukoko ugeuke majivu na koili ianze kuwaka wekundu hafifu. Wekundu hafifu unatosha. Wengine wanaiwasha mpaka inang'aa rangi ya machungwa, hiyo ni kuichosha bure. Iache ipoe kabisa, kisha pitisha mswaki laini, suuza kitako chini ya maji ya bomba kikiwa kimefunguliwa kutoka kwenye mashine, kausha, pulizia tundu la hewa. Maji juu ya koili nyekundu usiyamwage, ingawa utaona watu wakifanya kwa sababu ya ule mlio. Unaupasua waya na mvuke unakurudia usoni. Na chumba kiwe na dirisha wazi, moshi wa ukoko unaoungua si wa kuvuta.

Soma omu tena. Ile namba uliyoikariri ikiwa imehama sana baada ya kukaza skrubu, au ukiona waya umeliwa mahali, au mzunguko mmoja unarudi kuwaka peke yake kila mara, sasa suka mpya. Ukoko uliokataa kutoka nao ni sababu tosha.

Tangi lenyewe nalifungua lote mara moja moja, maji ya vuguvugu, tone la sabuni, suuza mpaka harufu iishe. Ringi za mpira nazipaka tone la juisi kabla ya kuzirudisha. Zikivishwa kavu zinajikunja na kukatika.

Betri

Hapa sina mchezo. Betri ya 18650, ile ya lithiamu ya duara ya kwenye mashine za vepu, ikijaa ina volti 4.2. Gawanya na omu za koili ujue ampea: kwa omu 0.84 ni ampea 5, hakuna tatizo. Kwa omu 0.15 ni ampea 28, na betri nyingi nzuri zimeandikwa 20. Mashine yenye ulinzi inabadilisha hesabu hiyo, maana inageuza volti yenyewe, lakini wati kubwa ni wati kubwa na zinatoka kwenye betri ile ile. Nunua betri ya kiwanda kinachojulikana, kwa muuzaji wa betri. Ile iliyoandikwa 9900 mAh ni uongo mtupu, hakuna 18650 yenye uwezo huo.

Ngozi ya plastiki ya betri ikichanika hata kidogo, usiitumie mpaka uivishe nyingine, kwa sababu mwili wote wa betri ni hasi na upande chanya umetengwa nao kwa kipete chembamba tu juu. Hiyo ndiyo sababu pia huibebi mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Chombo cha plastiki cha kuhifadhia ni cha pesa ndogo. Betri iliyobonyea au kuvimba inakwenda kwenye chombo cha kurejesha betri dukani, si kwenye taka za nyumbani. Na juisi yenye nikotini iwekwe juu, imefungwa, mbali na watoto. Kiasi kidogo tu cha mililita kinatosha kumdhuru mtoto.

Kwa wanaosafiri nyumbani: vepu na betri za akiba vinapanda na wewe kwenye mkoba wa mkononi, haviruhusiwi kwenye mzigo wa chini, na huvuti wala huchaji ndani ya ndege. Uliza sheria ya unakokwenda kabla ya kufunga begi. Uganda, kwa mfano, sheria yake ya tumbaku ya 2015 imekataza kuingiza na kuuza vepu, na Qatar nayo hazitaki, jambo la kukumbuka ukipitia Doha na kutoka uwanjani. Tangi lisafiri tupu. Ndege ikipanda, mgandamizo wa hewa ndani unashuka, hewa iliyo juu ya juisi inatanuka na kuisukuma nje kupitia pamba, hata kama mikia umeipanga kwa ufundi gani. Mwaga, pangusa, funga kwenye mfuko wa plastiki, ujaze ukifika.